Mpapai dume na msumari wa shangazi: mimea inaoana vipi, na kwa nini kila mmoja ana desturi yake

Mwaka juzi nilikwenda Mtambile, Pemba, kumtazama shangazi yangu, nikamkuta nyuma ya nyumba kashika nyundo na msumari wa inchi nne, kasimama mbele ya mpapai. Mpapai wenyewe mzuri, shina nene, majani mapana, lakini badala ya mapapai umening'iniza vikonyo virefu vinabembea, vimejaa viua vyembamba vyeupe, na harufu yake tamu unaisikia kabla hujaufikia. "Dume hili," akanambia, "nalisitua lipate kuzaa." Nikamwambia shangazi, msumari hautolibadilisha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wa jirani ulipigwa msumari na mwaka ule ule ukazaa, na papai lake nimelila mie kwa mdomo wangu huu."

Na shangazi hasemi uongo, papai kweli alilila. Toka siku ile jambo hili halijanitoka kichwani, manake huku kwetu, Unguja na Pemba, watu wanaikata mipapai vichwa, wanaipiga misumari, wanaifunga vitambaa, wanaing'oa mikungumanga waliyoilea miaka saba kwa hasira tu, na chini ya yote hayo ipo sayansi moja nzuri mno, ya namna mimea inavopanga nani azae na nani, na jinsi mpango huo unavorithiwa na kubadilika kizazi baada ya kizazi. Mie naipenda sana sayansi hii na naumia nikiona miti inapigwa kwa kosa ambalo si lake, kwa hio leo nitajaribu kuielezea kwa mimea tunayoiona kila siku.

Papai ndo mlango mzuri wa kuingilia. Mpapai una jozi 9 za kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, na jozi moja kati ya hizo ndo inayoamua jinsia, kama ilivo kwa binadamu, X na Y. Mpapai jike una X mbili. Dume una X na Y. Halafu kuna wa tatu, huntha, ambao ua lake moja lina sehemu ya kike na ya kiume pamoja, huu una X na namna nyengine ya Y ambayo wataalamu wanaiandika Yh. Kuijua ni rahisi mti ukishatoa maua: ua la jike ni nene, tumbo limevimba, limekaa karibu na shina kwa kikonyo kifupi, na tunda lake huwa la mviringo, ua la huntha ni jembamba zaidi, ndani utaona vichavua, vile vijifuko vya chavua, unga wa kiume, vimezunguka, na tunda lake ni lile refu refu tunalolipenda sokoni, la dume ndo hilo la vikonyo vinavobembea. Kabla ya maua huoni kitu. Mche wa dume na mche wa jike ni sawa sawa kwa macho, na anayekwambia anaijua kwa kutazama mzizi au rangi ya mbegu anabahatisha tu.

Sasa hapa pana hesabu ambayo mie nilipoielewa mara ya kwanza nilifurahi siku nzima. Chukua mbegu za papai la huntha uliojichavusha wenyewe. Kila mzazi anatoa X au Yh, kwa hio katika kila mbegu nne zinazotungwa, moja itapata X mbili, mbili zitapata X na Yh, na moja itapata Yh mbili. Hio ya mwisho haiishi, inakufa ndani ya tunda ikiwa bado kichanga, kwa sababu Y ya papai imeshapoteza kitu ambacho mmea hauwezi kuishi bila ya kuwa nacho na ambacho X bado inacho. Zinabaki tatu: jike moja, huntha mbili. Dume hakuna hata moja! Lakini ukichukua mbegu za papai la jike lililochavushwa na dume, nusu majike nusu madume. Yani idadi ya madume kwenye konde lako ilishaamuliwa siku ulipochagua tunda la kutolea mbegu.

Mwaka 2004 watafiti walionesha katika jarida la Nature kwamba Y hio ya papai bado changa, umri wake ni miaka milioni chache tu ukilinganisha na ya binadamu ambayo ina zaidi ya milioni 100, na sehemu inayohusika na jinsia ni kipande kidogo tu cha kromosomu. Baadae, mwaka 2015, ikaonekana kwamba Yh ya huntha imetokana na Y ya dume kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, huko Amerika ya Kati ambako papai ndo kwao, wakati watu wa kale wa huko walipokuwa wakichagua miti ya kupanda. Kwa hio huntha ni kazi ya mikono ya wakulima, wakulima wasiojua kromosomu ni nini lakini wenye macho.

Na papai la jirani yake shangazi? Ua dume ndani yake lina kijishina kidogo cha ovari, lile tumbo la ua linalokuja kuwa tunda, kilichodumaa. Kwenye baadhi ya miti dume, hali ya hewa ikigeuka, baadhi ya maua ya mwisho wa vikonyo yanakuza ile ovari, na unapata vipapai vidogo vinaning'inia kwa kikonyo kirefu kama vimetundikwa kwa kamba. Yanatokea yenyewe. Msumari ulipigwa tu msimu huo huo. Mti umebaki dume, Y yake iko pale pale.

Mpapai angalau unakupa jibu ndani ya mwaka. Njoo kwenye kungumanga. Mkungumanga nao una miti dume na miti jike mbalimbali, ukipanda kwa mbegu karibu nusu itakuwa dume, na hujui mpaka utoe maua, ambayo ni miaka 5 mpaka 8. Hebu fikiria mtu kapalilia, kamwagilia, kaweka kivuli miaka yote hio. Shokishoki ndo hivo hivo na hapa nina uchungu wangu mwenyewe: niliwahi kununua miche kumi ya mbegu, muuzaji akaniapia kwamba yote inazaa, na baada ya miaka sita, miche sita katika kumi ikawa inatoa maua mengi mazuri yasiyoacha kitu. Simlaumu kwa udume wa miti, namlaumu kwa kiapo, kwani hana njia ya kujua. Kwa shokishoki wa mbegu karibu nusu ni madume, na wale wanaozaa ua lao ukilitazama lina vyote viwili, ila vichavua vyake vingi havipasuki, kwa hio kwa vitendo ni jike na linahitaji chavua ya kutoka kwengine. Ndo maana huko Malaysia na Thailand wanaofanya biashara ya shokishoki hawapandi mbegu, wanapanda miche ya kubebeshwa kutoka mti unaojulikana. Mtu akitaka shokishoki leo nitamwambia hivo hivo, nunua ya kubebeshwa, na kama una dume moja limeshasimama pembeni usilikate.

Mkadi pia. Lile ua tunalolitia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, lile linalonukia nyumba nzima siku ya harusi, ni ua dume. Mkadi jike unatoa lile tunda kubwa mfano wa nanasi, halinukii hivo.

Lakini hii mimea ya dume mbali jike mbali ni wachache. Duniani kote inakadiriwa ni kiasi cha asilimia 6 tu ya aina za mimea inayotoa maua. Walio wengi kabisa ua lao moja lina stameni, yani sehemu ya kiume yenye chavua, na lina stigma, yani mdomo wa kike unaopokea chavua, na ovari, kila kitu nyumba moja. Sasa hapo ndipo swali gumu linapoanza: kama kila kitu kipo nyumba moja, kwa nini mmea uhangaike na nyuki, na upepo, na popo, na rangi, na asali, na harufu? Si ujioe wenyewe tu yaishe?

Charles Darwin alilichukulia swali hili kwa uzito wa ajabu. Alipanda na kuchavusha kwa mkono kwa miaka 11, mimea aina zaidi ya 50, upande mmoja watoto wa kujichavusha na upande mwengine watoto wa kuchanganya, akawapima urefu, uzito, idadi ya mbegu, halafu mwaka 1876 akatoa kitabu kizima cha matokeo. Kwa jumla watoto wa kuchanganya walikuwa warefu zaidi, wenye nguvu zaidi, wenye mbegu nyingi zaidi. Sababu hakuijua, manake elimu ya jeni, vile vipande vya urithi vilivopangwa kwenye kromosomu, ilikuwa bado. Sasa tunaijua: kila mmea umebeba kasoro nyingi zilizojificha, kwa sababu kila jeni ina nakala mbili na nakala nzima inaisitiri mbovu. Mmea ukijioa, robo ya watoto wanapata ile mbovu mara mbili, hakuna tena wa kuisitiri, na kasoro inatoka nje. Ukiwa na kasoro moja si kitu, lakini zikiwa mamia mtoto anadhoofika.

Basi kama ni hivo, mbona wapo wanaojioa? Na wapo wengi, mpunga, tungule, maharage. Jibu lilitolewa na R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu na urithi wa Uingereza, mwaka 1941, na ni hesabu tu. Chukua mmea usiojioa. Jeni zake zinaingia kizazi kijacho kwa njia mbili: nakala moja kupitia mbegu zake mwenyewe, ambazo baba yao ni mwengine, na nakala moja kupitia chavua yake inayokwenda kuzalisha kwa jirani. Jumla mbili. Sasa azuke mmea mmoja pale pale uliopata mabadiliko ya jeni yanayoufanya ujichavushe. Kwenye mbegu zake mwenyewe sasa yeye ni mama na ni baba, nakala mbili, na bado chavua yake iliyobaki inatoka nje kuzalisha kwa majirani, nakala ya tatu. Tatu kwa mbili. Hio jeni ya kujichavusha itaenea kwenye kundi, isipokuwa pale ambapo watoto wa kujioa ni dhaifu kiasi kwamba nguvu zao hazifiki nusu ya wale wa kuchanganya. Yani mizani yote ya jambo hili imekaa kwenye ile nusu.

Na mizani yenyewe haitulii. Mwaka 1985 Russell Lande na Douglas Schemske walionesha kwa hesabu kwamba mmea ukijioa vizazi vingi, kasoro zile zikitoka nje zinauliwa pamoja na walio nazo, na kidogo kidogo ukoo unasafika, udhaifu unapungua, na kujioa kunazidi kuwa rahisi. Anayechanganya, kinyume chake, anaendelea kuzificha kasoro, na siku akijioa anaumia vibaya. Kwa hio mimea mingi inasukumwa upande mmoja au upande wa pili, ama unachanganya sana ama unajioa sana, ingawa wa katikati nao wapo.

Sasa wale waliochagua kuchanganya wanajizuia vipi wakati kila kitu kiko karibu? Njia ya kwanza ni saa. Tafuta mnazi mfupi, kitamli, ambao karara unalifikia kwa mkono, likishapasuka tazama vizuri. Utaona matawi ya rangi ya maziwa yaliyoiva, kila tawi limejaa viua vya kiume vingi mno, vidogo mfano wa punje za mpunga, ukigusa vinamwagika mkononi, na kule chini ya tawi kuna vipira vya mviringo kimoja kimoja, hivo ndo vya kike, ndo vitakavokuja kuwa vidaka, halafu kitale, halafu dafu, koroma, nazi. Kwenye mnazi mrefu wa kawaida, upunga wa kiume unafunguka kwanza, kiasi cha wiki tatu, unamaliza, ndo hivo vipira vinakuwa tayari kupokea chavua. Mume kaondoka mke ndo anafika. Kwa hio nazi ya mnazi mrefu kwa kawaida baba yake ni mnazi mwengine, na ndo maana ukipanda mbegu za mti mmoja unaouamini hupati watoto wanaofanana nao. Kitamli saa zake zinagongana, dume na jike wa karara moja wanakutana, na kitamli kwa sehemu kubwa hujizalia wenyewe. Mbegu ya kitamli chekundu ikitoa chipukizi chekundu ujue ni mtoto halisi, ikitoa la rangi ya kijani au kahawia ujue chavua ya mnazi mrefu iliingia. Watu wa vitalu wanaitumia ishara hii kila siku kuchambua miche. Na mnazi mrefu nao si mkaidi moja kwa moja, ukiwa peke yake na makarara mawili yakapishana vizuri, unazaa.

Muhogo nao unatumia saa, ila umegeuza, ua jike linatangulia na dume anafuata wiki moja au mbili baadae. Sie hatulioni hilo kwa sababu tunapanda vipande vya miti, si mbegu, na kila kipande ni mmea ule ule uliorudiwa, pacha wa pacha. Migomba ndo kabisa, mingi ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, haiwezi kugawanya sawa ikapata mbegu, imeachana na mambo ya ndoa. Ndo maana ugonjwa ukiupata mgomba mmoja wa aina ile unaijua njia ya wote.

Njia ya pili ni kitasa, na hii ndo inayonishangaza kuliko zote. Mmea unaitambua chavua yake mwenyewe na unaikataa. Inakadiriwa karibu nusu ya aina za mimea ya maua ina namna fulani ya kitasa hiki. Kwenye ukoo wa tumbaku na tungule, mwaka 1925 watafiti East na Mangelsdorf walionesha kwamba kuna jeni, wakaiita S, yenye nakala za aina nyingi, tuseme S1, S2, S3, mpaka makumi. Mmea wenye S1 na S2 unaikataa chavua yoyote yenye S1 au S2, inaanza kuota mrija wake ndani ya shingo ya ua halafu inasimamishwa njiani. Miaka ya 1980 mwishoni ikajulikana inasimamishwa na nini: protini inayoingia kwenye mrija wa chavua na kukatakata RNA yake, ule ujumbe wa jeni unaoiendesha seli. Kwenye ukoo wa kabichi kitasa kiko mlangoni, chavua inakataliwa juu ya stigma hata haijaota, na jeni zake ni nyengine kabisa, manake mimea iliyagundua mambo haya zaidi ya mara moja, kila ukoo kwa njia yake.

Tazama uzuri wake. Aliye na S adimu hakataliwi na mtu, anazalisha kila mahali, kwa hio jeni yake inaongezeka mpaka si adimu tena, halafu anaanza kukataliwa kama wengine. Ugeni ndo faida. Ndo maana zinabaki aina nyingi za S kwenye kundi moja na nyengine ni za kale kuliko mimea yenyewe iliyozibeba leo. Na ndo maana konde la mananasi ya aina moja halina mbegu ndani ya matunda: mananasi yote yale ni mmea mmoja uliorudiwa, S zao sawa, wanakataana wote, na nanasi linajaa bila ya kuzalishwa. Panda aina mbili pamoja, unaweza kukuta vijimbegu vigumu. Doriani nazo nyingi zinakataa chavua yao wenyewe, zinafunguka jioni, na huko kwao Asia wanaozihudumia usiku ni popo. Mwenye mdoriani mmoja peke yake uani, unaochanua kila mwaka na kudondosha maua yote chini, huenda hana haja ya mbolea, ana haja ya mdoriani wa pili wa ukoo mwengine.

Njia ya tatu ni ukuta. Vanila ya kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na kwengineko haina kitasa, inaikubali chavua yake, lakini kati ya chavua na stigma kuna kiulimi kidogo cha nyama kimefunika. Kwao Mexico kuna wadudu wanaoifanya kazi hio, huku hawapo. Vanila ilipelekwa kisiwa cha Réunion ikakaa inachanua tu bila ya kuzaa, mpaka mwaka 1841 kijana wa miaka 12, mtumwa, Edmond Albius, akapata njia: kijiti chembamba, unakiinua kile kiulimi, unabonyeza kwa kidole gumba, basi. Ua linafunguka asubuhi moja tu, ukichelewa limekwisha. Mpaka leo kila vanila inayozaa huku kwetu inazaa kwa mkono wa mtu na kwa njia ya mtoto yule. Watu walitajirika kwa ugunduzi wake, yeye akafa masikini mwaka 1880. Kila nikiona mtu anachavusha vanila namkumbuka.

Sasa kuhusu visiwa. Unguja ilikuwa imeungana na bara zama za barafu, bahari iliposhuka, lakini Pemba mkondo wake ni mrefu kwenda chini, mamia ya mita, na imekuwa kisiwa kwa mamilioni ya miaka. Mmea uliofika Pemba zamani ulivuka maji, ndani ya tumbo la ndege au ukielea au kwa upepo. Mwaka 1955 Herbert Baker aliandika wazo ambalo linaitwa kwa jina lake: mbegu moja ikifika mahali mpya peke yake, itakayoanzisha ukoo ni ile inayoweza kujizalia, manake dume pekee au jike pekee au mwenye kitasa kikali hana mwenzake. Kwa hio visiwani utegemee wanaojioa wengi. Wazo lina nguvu na mara nyingi linakubali. Halafu nenda Hawaii ukute karibu asilimia 15 ya mimea yao ya asili ya maua ina dume na jike mbali, zaidi ya mara mbili ya dunia nzima! Sehemu ya maelezo ni kwamba mimea ya namna hio mara nyingi ina matunda ya nyama ambayo ndege wanayabeba na mbegu nyingi kwa pamoja, na sehemu nyengine ni kwamba baadhi waliofika wakiwa na jinsi zote mbili waligawanyika huko huko kisiwani.

Karafuu yetu imepita njia nyembamba kama hio, ila kwa mikono ya watu. Mwaka 1770 Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa mtawala huko Mauritius, alifanikisha kuchukuliwa kwa miche ya karafuu kutoka visiwa vya Maluku ambavyo Waholanzi walivifunga, ikapelekwa Mauritius, michache ndo ikaishi, na mwanzoni mwa miaka ya 1800 kutoka kwenye uzao ule ikaja Unguja na baadae Pemba. Karafuu inaweza kujichavusha, bila ya hivo ingekuwa tabu. Na sie tunaichuma ikiwa bado haijafunguka, tunaitenga na makonyo yake, tunaianika jamvini, kwa hio maua mengi ya karafuu ya Pemba hayajapata kuiona chavua. Miti mingi, wazazi wachache, hilo mie linanitia wasiwasi kila nikisikia mikarafuu imekauka ghafla.

Wanaogawanyika dume na jike wanafikaje huko? Njia moja inaanzia kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavotoa nguvu, ambavyo kwa mimea mingi vinarithiwa kwa mama tu. Kwa mitokondria chavua ni kaburi. Kwa hio ikizuka mitokondria inayoua chavua, mmea ukabaki jike, ukatoa mbegu nyingi zaidi, mitokondria hio inaenea, na jeni za kwenye kiini cha seli zinajibu kwa kuirudisha chavua. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba moja. Yuan Longping na wenzake walikuta mpunga mwitu wa namna hii Hainan, China, mwaka 1970, na kutoka hapo ukazaliwa mpunga chotara, ule ambao mbegu zake lazima ununue upya kila msimu. Mpunga wa kawaida unajichavusha karibu wote, mbegu unaweka mwenyewe, wakati jamaa yake mpunga mwitu wa Afrika, wenye mizizi inayotambaa na stameni ndefu, unachanganya na una kitasa.

Kundi likishakuwa na majike na huntha, faida inahamia kwa huntha anayetoa chavua zaidi na mbegu kidogo, mpaka azuke asiyetoa mbegu kabisa. Brian na Deborah Charlesworth walilipanga hili mwaka 1978: yanahitajika mabadiliko mawili, moja la kuua udume na jengine la kuua ujike, na lazima yarithiwe bila ya kuchanganyika, la sivo atatoka mtoto asiye na chochote. Kipande kile cha kromosomu kikishaacha kubadilishana na mwenzake, hapo ndo unapata X na Y. Ndo ile Y ya mpapai wa shangazi.

Na wanaojioa nao wana mwisho wao. G. Ledyard Stebbins alisema mwaka 1957 kwamba kujioa ni njia isiyotokea mbele, kwa kuwa mabadiliko mapya hayachanganyiki, na mwaka 2010 uchunguzi wa ukoo wa tungule, birinzani na mbatata ulimuunga mkono: walioshika kitasa wamezaa aina nyingi zaidi kwa muda mrefu, waliokipoteza wanazuka mara kwa mara na kutoweka mara kwa mara. Na kukipoteza ni rahisi, kukirudisha ndo hakuna. Tungule ya sokoni stigma yake imezama ndani ya bomba la vichavua, kwa mabadiliko ya jeni moja iliyotambuliwa mwaka 2007, ilhali jamaa zake wa Amerika ya Kusini stigma imetokeza nje inangoja nyuki. Ndo maana mbegu ya tungule ya kienyeji ukianika kwenye gazeti inakuja vile vile mwakani.

Shangazi nilimwachia ushauri mmoja: kila shimo atie miche mitatu, asing'oe mpaka aone maua, abakishe jike mmoja kila shimo na dume mmoja kwa konde zima. Mbegu zake ni za mapapai ya mviringo, nusu kwa nusu, kwa hio shimo kutoka madume watupu ni moja katika nane. Alitia mashimo sita. Juzi kanipigia, hata salamu hatujamaliza: "Shimo la karibu na kisima yote matatu dume. Moja katika nane, si ulisema?" Nikamwambia ndio shangazi. "Basi nimebakisha moja, lile lenye vikonyo virefu zaidi, nyuki washaanza kuja. Na ule wa zamani nimeung'oa msumari wangu, nautaka kwa mlango wa kuku."